Matairi Aliyojichagulia Fisi

Wiki ya mwisho ya kiangazi, enzi zile wanyama walipokuwa bado na leseni za udereva, tairi la nyuma la gari la Bi Digidigi lilipasuka.

Paa!

Hakuna aliyeumia. Ndani ya gari alikuwamo yeye peke yake.

"Umesikia hiyo?" Bi Digidigi alikiuliza kiti cha pembeni.

Kiti hakikujibu. Alishuka, akatoa jeki, akafunga tairi la akiba.

Wanangu, msicheke. Madigidigi huishi wawili wawili. Ukimwona mmoja majanini, mwenzake yuko karibu. Huyu alikuwa mmoja tu. Mumewe alifariki mwanzoni mwa masika yaliyopita, na kiti kile ndicho alichokalia alipomfundisha kuendesha.

Gari lenyewe lilikuwa la mseto. Mbele lilikuwa na injini ya petroli, na chini ya kiti cha nyuma lilikuwa na betri. Likienda polepole hutumia betri peke yake, na hapo husikii kitu. Ndiyo maana marehemu, kila aliporudi nyumbani, alipiga honi mara mbili. Pii-pii! Mkewe akajua amefika, akafungua mlango.

Siku moja baada ya msiba, Bi Digidigi alirudi kutoka sokoni, akajisahau, akapiga honi mara mbili mbele ya nyumba yake. Alingoja. Mlango haukufunguka. Tangu siku hiyo hakuigusa honi tena.

Alikuwa na mtoto mmoja, Tunu, aliyeolewa ng'ambo ya Mlima Sengeni. Barabara ya mlima ina kizuizi, na anayekilinda ni Afande Nyati. Tone la kwanza la masika likianguka, Nyati hushusha chuma na hakinyanyuki mpaka mvua ziishe. Kwa sababu hiyo Tunu hakumzika baba yake. Kwa sababu hiyo pia Bi Digidigi alikaa masika yote bila kuzungumza na mtu. Mvua zilipokatika, jirani mmoja alipita akamsalimu. Alipofungua kinywa kuitikia, sauti haikutoka.

Safari hii Tunu alikuwa ametuma salamu: "Mama, njoo ukae kwangu kabla ya mvua. Usibaki tena peke yako."

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Na matairi yalikuwa hayafai.

*

Matairi hayo aliyauza Fisi. Fisi ndiye aliyekuwa na uwanja wa matairi pale bondeni. Miezi michache nyuma alipokea kwa Bi Digidigi madebe mawili ya asali, akamfungia matairi manne na kumwambia ni mapya.

Bi Digidigi aliingia uwanjani kwa betri. Gari halikutoa sauti. Akamkuta Fisi amekaa kwenye kigoda, ameshika kisu kilichotoka motoni, anachonga mifereji kwenye tairi lililokwisha.

Kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Pembeni ya mguu wake kulikuwa na kopo la rangi nyeusi.

"Hodi hapa," alisema Bi Digidigi.

"Mama yangu weee!" Fisi aliruka, kisu kikaanguka. "Umetokea wapi? Sijasikia gari!"

"Nimekuja nalo. Lile pale."

Fisi alielekeza sikio. "Hilo limezimwa."

"Halijazimwa, Bwana Fisi. Linawaka."

"Bibi, usinifundishe kazi. Mimi gari nalijua kwa sikio. Lori la Kiboko nalisikia likiwa bado mtoni. Gari lisilonguruma limezimwa, basi."

Bi Digidigi hakubishana. Alimwonyesha tairi lililopasuka. Pale lilipochanika, nyuzi za ndani zilikuwa zimetokeza.

"Uliniambia ni mapya."

"Yalikuwa mapya."

"Lini?"

"Hee-hee-hee! Bibi unapenda mzaha!" Fisi alijifuta machozi ya kicheko. "Sikiliza. Likishatoka kwenye lango langu, ni lako, na kupasuka ni kwako. Ila kwa kuwa wewe ni mjane, nitakusaidia. Lete asali nyingine, nikupe haya." Akagonga lile alilokuwa akilichonga. "Haya ni ya misimu yote."

"Yanafaa kwa mvua?"

"Mvua, jua, vumbi, yote! Yameshaona misimu yote haya."

"Gari langu lina betri. Ni zito kuliko linavyoonekana."

"Zito! Na wewe ulivyo kidole kimoja hivi? Wewe hata ukifungiwa maboga utafika. Hee-hee-hee!"

Bi Digidigi alivuta hewa kwa pua. Rangi ilikuwa bado mbichi. Akaaga, akaondoka. Fisi alikuwa ameinama kuokota kisu. Alipoinua kichwa uwanja ulikuwa mtupu.

"Kameondoka vipi haka?" alijiuliza. Kisha akaendelea na kazi.

*

Usiku ule Bi Digidigi hakulala vizuri. Alipika chakula cha mtu mmoja, kikabaki. Nje upepo ulikuwa umebadilika.

Asubuhi alirudi kwa Fisi.

"Bwana Fisi, nimefikiri. Mtu mmoja anafanya nini na gari? Halina wa kumbeba."

Masikio ya Fisi yalisimama.

"Nataka kufika kwa binti yangu, Sengeni. Barabara ile naiogopa peke yangu. Nisindikize. Ukinifikisha mlangoni kwa Tunu, gari ni lako."

"Langu?"

"Lako."

"Na funguo?"

"Na funguo. Ila nitaendesha mimi mpaka huko. Nimefunga vibao kwenye breki na mafuta, miguu yangu mifupi. Wewe hapo hutaenea."

"Endesha, mama, endesha! Nani amekukataza?" Fisi alikwisha kuanza kulizunguka gari. Alifungua mlango, akafunga. Akafungua, akafunga. Akabonyeza kiti. "Laini hiki!"

"Basi funga matairi twende," alisema Bi Digidigi. "Haya ya jana yanatosha."

Fisi alisimama.

"Yapi?"

"Haya uliyochonga. Ya misimu yote."

"Kwenye gari langu?" Fisi alipiga kelele. "Kwenye mlima ule, mimi nimekaa ndani? Bibi, una nia ya kuniua?"

Bi Digidigi alikuwa akitazama kwato zake.

"Kumbe," alisema.

Fisi hakulisikia neno hilo. Alikuwa amekwenda nyuma ya banda. Gudugudu, gudugudu, alivingirisha matairi manne yaliyofunikwa kwa gunia, na huku anaongea peke yake. Wengi waliokuwa wakinunua pale hawakuwahi kujua kuwa matairi hayo yapo.

"Betri nzito hii. Tairi lazima liwe la kubeba mzigo, uzito wake umeandikwa hapa ubavuni, ona. Jingine likibeba, mwaka mmoja limekwisha. Halafu tarehe. Tarehe ya kutengenezwa iko hapa. Tairi lililokaa ghalani miaka linakauka hata kama halijakanyaga barabara. Hili ni la mwaka huu. Mifereji mipana, maji yanapita. Na hivi vichanjo vidogo vinashika kwenye utelezi. Wakati wa vumbi halichakai haraka. Na linaviringika kwa wepesi, halili betri."

"Na kelele?" aliuliza Bi Digidigi.

"Aa! Hilo ndilo la kwanza! Gari kimya ukilifungia tairi la kelele umeliharibu. Hili ukipita nalo karibu na mtu aliyelala, haamki."

"Haamki?"

"Hageuki hata upande."

Bi Digidigi aliitikia kwa kichwa taratibu. Fisi alifunga matairi yote manne kwa mkono wake, akajaza upepo, akapima. Yale mabovu yalibaki uwanjani kwake, yalikotoka.

*

Waliondoka kabla ya adhuhuri. Fisi alikalia kiti cha pembeni.

Alizungumza njia nzima. Alizungumzia mifupa ya aina mbalimbali na namna ya kuichemsha. Alisema gari atalipaka rangi ya machungwa. Alishusha kioo, akapandisha. Zzzt. Zzzt. Alisimulia siku Kiboko alipokwama tope akadai lawama ni ya tope, na Bi Digidigi akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akashangaa, akanyamaza.

"Unacheka vizuri, bibi," alisema Fisi. "Kwa nini huchekicheki?"

"Hakuna wa kunichekesha."

"Wewe ungekuja uwanjani. Pale tunacheka kutwa."

"Najua," alisema Bi Digidigi. "Nilikuwapo ulipocheka."

Fisi akapandisha kioo. Kiti kile kilikuwa hakijakaliwa tangu msiba, na sasa kilikuwa na mtu anayepumua. Inawezekana Bi Digidigi alipunguza mwendo kidogo. Hilo halina shahidi.

Kizuizi kilitokea kwenye kona. Afande Nyati alisimama katikati ya barabara, chuma kimeshushwa nyuma yake kwa ukaguzi. Juu ya mlima kulikuwa kumeshakuwa kweusi.

"Simama! Zima gari! Mvua iko juu yetu hapa."

Bi Digidigi alikanyaga breki. Injini ya petroli ikanyamaza yenyewe, kama ilivyo kawaida ya magari ya aina hiyo. Betri ilikuwa bado inawaka.

"Nimesema zima!" alinguruma Nyati.

Bi Digidigi alimgeukia Fisi. "Bwana Fisi, mtaalamu ni wewe. Hebu mwambie afande."

Fisi alitoa kichwa dirishani, akaelekeza sikio. "Limezimwa, afande. Mimi gari nalijua kwa sikio. Sikiliza mwenyewe. Kimya."

Nyati alisikiliza. Kulikuwa kimya kweli.

Sasa, pale kizuizini palikuwa na desturi. Aliyechagua matairi hushuka, akazunguka gari, akapiga kila tairi teke mbele ya Nyati na kusema: nimelichagua mimi. Fisi alikuwa hajawahi kufanya hivyo hata mara moja, maana wateja wake alikuwa akiwaacha waje wenyewe. Safari hii alishuka mbio.

"Nimelichagua mimi!" Teke. "Nimelichagua mimi!" Teke. Alipiga yote manne, mkia juu.

Nyati alichomeka ncha ya ukwato kwenye mfereji wa tairi. Ukazama. Akachungulia tarehe. Akanyanyua chuma.

"Haya, pita. Lakini wewe njoo hapa," alisema, akamvuta Fisi nyuma ya gari. "Haya matairi umeyachagua wewe?"

"Kwa mkono wangu huu!"

"Unazijua tarehe? Unajua mzigo?"

"Afande, bonde zima hakuna anayejua matairi kama mimi."

"Basi nieleze. Swala alitoka kwako na tairi lililochongwa, nikamrudisha. Nguruwe akatoka kwako, nikamrudisha. Ngiri alipita nikiwa nimelala, akaishia korongoni. Ukawa unasema hukujua, na wewe uliuziwa hivyo hivyo. Leo unajua?"

Fisi alishusha mkia.

"Afande, unajua, biashara..."

"Usiniambie biashara. Niambie Ngiri."

Fisi aligeuka kutafuta msaada. "Bi Digidigi, mwambie..."

Nyuma yake kulikuwa na barabara tu.

Matairi yalikuwa yamepita chini ya chuma bila kelele, kama alivyoahidi mchaguzi wake. Gari lilikuwa limeshafika kona ya pili.

"Gari langu!" alilia Fisi. "Gari langu! Limekwenda!"

"Limekwendaje?" aliuliza Nyati. "Si umesema limezimwa?"

"Linakwenda likiwa limezimwa!"

Fisi alitimua mbio. Hapo tone la kwanza lilianguka kwenye pembe ya Nyati. Ta. La pili likafuata. Nyati aliwahi kamba ya kizuizi, akaachia. Ng'aa! Chuma kilishuka mbele ya pua ya Fisi.

"Barabara imefungwa," alisema Nyati.

"Lakini, afande, yule bibi aliahidi nikimfikisha mlangoni kwa binti yake gari ni langu..."

"Ulimfikisha mlangoni?"

Fisi anasema hadi leo kwamba alidhulumiwa. Nyati anasema alimwona akirudi bondeni kwa miguu, kwenye mvua, hacheki.

*

Bi Digidigi alivuka mlima mvua ikinyesha. Matairi hayakuteleza. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa pamebonyea pale Fisi alipokaa, na polepole pakainuka, pakawa sawa tena.

"Wewe ungemcheka sana," alikiambia kiti.

Alifika kwa Tunu giza limeingia. Taa ilikuwa inawaka ndani. Alisimamisha gari mbele ya mlango, akangoja. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyesikia, gari lilikuwa kimya, na mvua ilikuwa na kelele juu ya bati. Alikaa vile kwa muda, mikono juu ya usukani.

Wanangu, ukitaka kujua bidhaa iliyo nzuri, mtazame muuzaji anapojichagulia yake.

Bi Digidigi alipiga honi mara mbili.

Mlango ulifunguka.