Kibanda cha Kibibi na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani, huko milimani Upareni aliishi mwanamke aitwaye Nanzia. Mumewe, Mrutu, alifariki mimba ya mkewe ikiwa bado changa, akamwacha na binti wa miaka sita, Namkunda. Binti naye akashikwa na homa. Homa ilikuja ikaondoka, lakini iliondoka na hamu yake ya kula. Uji aliukataa, ndizi alizikataa, hata asali aliigeuzia uso. Mbavu zake zikaanza kuhesabika.

Kilichomfanya afungue kinywa kilikuwa kimoja tu, sungura wake jike, wa kijivu, aliyemwita Kibibi. Kibibi akitafuna, Namkunda anatafuna. Kibibi akiacha, Namkunda anaacha. Msicheke. Nanzia naye alicheka siku ya kwanza, na siku ya pili akaenda mwenyewe shambani kumchumia sungura majani.

Basi ukungu ukashuka, ule wa baridi unaokaa wiki tatu, na sungura wa kijiji kizima wakaanza kufa mabandani mmoja baada ya mwingine. Kibibi ilibidi aingizwe ndani. Lakini ndani mlikuwa na jiko la kuni na mbuzi wanne, na sungura hawezi kuachwa hivi hivi kati ya moto na kwato. Nanzia, ambaye kuinama kulikuwa kumeshamshinda, akaita watu watatu.

Wa kwanza alikuwa kaka yake Mshitu, fundi seremala. Wa pili wifi yake Nangasu, dada wa marehemu. Wa tatu jirani yao Kiondo, mtega mitego, mtu aliyekula sungura wengi kuliko mnavyoweza kuhesabu, na kwa hiyo aliwajua kuliko wote. Nanzia akawaambia, "Wakunga wamesema huyu tumboni ni mvulana. Atakayemweka Kibibi salama humu ndani mpaka mwanangu ale mwenyewe, ndiye atakayempa mtoto jina."

Hapo wakatazamana. Kwao jina hutolewa siku kitovu kinapodondoka, nalo ni la mtu aliyekufa, ili aendelee kuitwa. Mshitu alilitaka jina la baba yao, Senkondo. Nangasu alilitaka la kaka yake, Mrutu, ambaye kaburi lake lilikuwa bado halijaota majani. Na Kiondo? Kiondo alizika mwanawe wa pekee, Mbonea, na tangu hapo watu waliacha kumwita Baba Mbonea. Hakuna aliyemuuliza alitaka jina gani.

Kazi ikaanza. Mshitu alijenga kibanda kirefu, Kibibi aruke mara nne kabla ya kugusa ukuta. Mbele fito, chini mbao zenye nafasi ili mkojo udondoke, na pembeni chumba kidogo cha giza, cha kujificha, mbao zimeumana hata ukucha haupiti. Nangasu alikata nyasi, akazianika juu ya dari hadi zikakauka, akatandika kitanda kinene. Akataka kibanda kikae karibu na jiko, Kibibi apate joto. Kiondo akasema hapana, moshi humuua sungura upesi kuliko baridi. Akakisogeza ukutani, kando ya kitanda cha Namkunda, akatia kila mguu wa kibanda ndani ya kopo la maji, wadudu wasipande.

Siku mbili Kibibi alikula na Namkunda alikula. Nanzia akalala usingizi aliokuwa ameusahau.

Siku ya tatu Kibibi alijikunyata, hakugusa jani. Namkunda akaweka kiazi chini. Siku ya nne ikawa hivyo hivyo, na midomo ya mtoto ikaanza kupasuka. Nanzia alikaa kati ya kitanda na kibanda, anatazama huku, anatazama kule. Mshitu akakagua kazi yake, hakuona kosa.

Nangasu ndiye aliyeingiza kichwa ndani ya kibanda. Akaona alama za meno kwenye mbao. Akanusa. Mshitu alikuwa amepaka oili chafu, kama alivyopaka kila mlango na kila dirisha alilotengeneza maishani mwake, mchwa wasile. Mkono wa fundi ulikuwa umezoea. Hakukumbuka kwamba sungura huguguna nyumba yake.

Nangasu hakupoteza muda kugombana. Alichukua kigae cha chupa akakwangua kila ubao, asubuhi hadi jioni, vidole vikachubuka vikatoka damu. Akampa Kibibi maji kwa pamba, tone kwa tone. Siku ya sita Kibibi akatafuna jani moja. Namkunda akaokota kiazi. Nanzia alilia mbele ya watu wala hakuona haya.

Sasa sikieni. Nangasu huyo huyo, katika kufanya usafi, aliona maji ya makopo yameanza kuwa na viluwiluwi vya mbu, na mgonjwa yuko pembeni. Akayamwaga, asimwambie mtu, kisha akashuka mtoni na nguo.

Siku hiyo saa sita mchana siafu wakahama. Kiondo aliwaona wakipita kwake, safu nene nyeusi, wakiingia kwenye banda lake ambamo kuku wake watano walikuwa wamelalia mayai. Aliwaacha kuku wake. Alikimbia kwa Nanzia, akamkuta uchungu umemshika, ameshikilia nguzo, na Namkunda amepanda juu ya kitanda anapiga kelele. Makopo yalikuwa makavu. Siafu walikuwa wamejaa kwenye nyasi na kwenye fito. Walichoshindwa kupenya ni kuta za kile chumba cha giza alimojificha Kibibi, kwa jinsi Mshitu alivyoziumanisha mbao. Humo walikuwa wanaingia kwa njia moja tu, mlangoni mwake.

Kiondo alitia mkono mzima humo, hadi begani, akamtoa Kibibi akiwa hai. Mkono ulivimba usiweze kukunjwa kwa siku tano.

Mtoto alizaliwa jioni ile, mvulana. Ukungu ukaondoka. Kitovu kilipodondoka wote watatu walikuja. Namkunda alikuwa ameketi kizingitini anakula ndizi, na Kibibi yuko bustanini, wala binti hakumtazama.

Mshitu akasema, "Dada, bila chumba changu Kiondo angetoa mifupa."

Nangasu akasema, "Wifi, bila vidole vyangu siafu wangekuta sungura amekwisha kufa. Na huyu ni damu ya kaka yangu."

Nanzia akamgeukia Kiondo. Alikuwa ameshaamua moyoni. Akasema, "Sema nawe, Baba Mbonea."

Kiondo kusikia anaitwa hivyo, macho yakamjaa machozi. Angenyamaza tu, jina lingekuwa lake. Badala yake alisema, "Mama Namkunda, ile oili niliinusa siku ya kwanza. Nilijua atauguguna ule ubao. Nilinyamaza ili Mshitu ashindwe. Nilitaka mwanangu aitwe tena."

Nanzia alimtazama binti yake, akamtazama mtoto mapajani, akautazama ule mkono uliokuwa umevimba. Alifungua kinywa aseme.

Nami nimemwacha hapo hapo, maana alichosema hakikunifikia. Haya, ninyi mnaopenda kuhukumu, mtoto amenyonya ameshiba na anangoja kuitwa. Je, aitwe Senkondo, Mrutu au Mbonea?