Baruti ya Mzee Kasele

Hufa mwenye gobore, baruti haifi. Methali hii, wajukuu zangu, ilianza hivi. Nami nilisimuliwa na shangazi yangu Nyanzobe, mwaka ule nilioacha shule darasa la nne, tukipukuchua mahindi.

Mzee Kasele alikuwa mwindaji. Alipofariki, gobore lake lilitundikwa ukutani, halikuguswa mpaka siku ya arobaini. Siku hiyo wazee wakamkabidhi Msonda, mwanawe wa pekee. Hata ugali haujaepuliwa, kelele zikatoka shambani: "Nguruwe! Nguruwe kwenye mahindi!"

Watu wote mbio! Msonda mbele na gobore, shemeji zake nyuma wakipiga madebe. Nguruwe kumi na zaidi, wanavunja mabua kama shamba la baba yao.

"Piga, shemeji!" Lugendo, mmoja wa shemeji hao, akamtania. "Unangoja wakuombe chumvi?"

Msonda akafungua kibuyu cha baruti ili apakie. Hapo ndipo mama yake, Kalunde, alipofika akihema, kanga imemdondoka njiani, akaudaka mkono wenye kibuyu.

"Umeliuliza gobore kwanza kama lina kitu tumboni?"

"Nimuulize nani, mama? Wanamaliza shamba!"

"Wamalize. Mahindi nitapanda tena. Wewe nitakuzaa tena wapi?"

"Baba ana siku arobaini kaburini. Baruti gani ikae siku zote hizo?"

"Elekeza mdomo kwenye kichuguu kile. Toa kidole kwenye kifyatulio. Nanyi, nyuma yetu!"

Miaka thelathini Kalunde alikuwa akimshikia mumewe mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Akatazama penye fataki, kile kidude cha kuwashia baruti: hamna. Akaulaza mdeki ubavuni mwa mtutu, kwa nje, kutoka mdomoni hadi penye fataki, akabana kwa kidole gumba pale mdomo ulipoishia. Kisha akasimama kando, akausukuma ndani polepole.

Ukagota. Kidole gumba kikabaki nje, mbali na mdomo wa mtutu kiasi cha kiganja kizima.

Lugendo akaweka debe lake chini.

Gobore lilikuwa limeshiba. Wakalimiminia maji, wakangoja, wakachomoa kitambaa, vipande vya chuma na baruti tele. Kumbe Kasele alilipakia asubuhi ileile aliyoanguka akafa! Msonda angeongeza nyingine juu yake, mtutu ungempasukia usoni.

Nguruwe, wao walikwisha kwenda zao na nusu ya shamba.

Baruti ikaanikwa kwenye kigae, juani. Alasiri, ilipokauka, Kalunde akatupa chembe kidogo tu mekoni. Fuuu! Msonda akaruka mpaka mlangoni, shemeji zake wakacheka hadi machozi.

"Mama, kumbe ilikuwa hai!"

"Hufa mwenye gobore, mwanangu, baruti haifi."

Watu wakaondoka mmoja mmoja, naye Msonda akasinzia palepale kizingitini, gobore tupu limetundikwa juu. Kalunde akamtazama kifua kikipanda na kushuka. Ndipo akajinyoosha mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe, akalala fofofo.