Tope Lililomrudisha Bi Riziki

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, palikuwa na hori la Kijungwani, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Kila mwaka hori lilifungwa miezi mitatu ili chaza wazaane, na mlezi wake alikuwa Bi Mwache, mwanamke wa maneno machache, yote makali.

Mwaka mmoja hori limefungwa, Mize, mtoto wa miaka saba, akashikwa na homa. Akakataa chakula chote ila mchuzi wa chaza. Mama yake, Bi Riziki, akaingia horini akaokota chaza kumi na wawili. Mtoto akapona, akaenda kumsimulia Bi Mwache utamu wa mchuzi ule. Watoto ndio hao!

Mwezi haukuisha, samaki wakaelea matumbo juu, chaza wakafa.

"Riziki kavunja mwiko, Riziki kaua hori," akasema Bi Mwache.

Bi Riziki akavushwa kisiwa cha pili. Akaapa: "Sirudi mpaka jina langu lisafike. Nikirudi, uji wangu wa kwanza nitaunywa kwa aliyenirudisha, na nyumba hiyo ndiyo nitakayozeekea." Na kiapo cha Kijungwani hakivunjwi.

Mize akakua na hamu ya mama. Akiona kanga ya mtu imeanikwa, huinusa kwanza, kisha huona haya. Hamu hiyo ilimkalia miaka ishirini. Ndipo aliposikia habari za Zamda, msomi wa bahari asomaye matope, akamwendea.

"Dada, tope laweza kutoa ushahidi?"

"Laweza, mdogo wangu. Ila lije zima, lisivurugwe."

Mize akaingia horini, tope la kifua, akalididimiza bomba refu na kulivuta. Mara ya kwanza tope likamwagika. Mara ya pili likamwagika. Mara ya tatu likamwagika, akalia. Mara ya nne likatoka zima.

Zamda akalipasua mbele ya watu. "Tazameni. Chini kuna tope la kijivu lenye vitundu vya minyoo: maji yalikuwa na hewa. Juu yake jeusi, limelala tabaka kwa tabaka, halina kitundu hata kimoja: maji yalikosa hewa, hata mnyoo hakuishi. Na juu ya jeusi, udongo mwekundu wa mafuriko. Hori lilianza kukosa pumzi kabla ya mafuriko."

"Mafuriko yalikuja lini?" watu wakauliza. Huyu akasema kabla ya chaza wale, yule akasema baada yao. Wakabishana mpaka wakachoka.

Bi Mwache akasimama. "Yalikuja wiki niliyomzika binti yangu. Aliyemwosha ni Riziki, maji yamefika mlangoni. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya chaza wale. Na hori lilikuwa linanuka tangu hapo. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu mlezi wake nilikuwa mimi."

Bi Riziki akaitwa. Alipofika ufukweni alikuta nyumba tatu, sufuria tatu za uji, na watu watatu wamesimama njiani wakimngoja.

"Ni mimi," akasema Mize. "Nilitumbukia mara nne. Mdomo wangu ndio uliokuponza, mama, na miaka ishirini nimekuwa na kiu nawe."

"Ni mimi," akasema Zamda. "Bila macho yangu tope ni tope tu. Na mama yangu alikufa akinizaa. Sijapata kusema 'mama' nikaitikiwa."

"Ni miye," akasema Bi Mwache. "Wekundu ule haukuwa na mwaka mpaka nilipojiumbua mbele ya watu. Umri umekwenda, Riziki. Niache nikuombe radhi kila asubuhi nikikupa bakuli."

Bi Riziki aliwatazama mmoja mmoja, machozi yakimtoka, miguu ingali majini.

Haya, nanyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mama amesimama, ana njaa, na kiapo ni kimoja. Je, nani alistahili kumnywesha uji ule?