Mababu Saba wa Faki Mfua Shaba

Hapo kale, kabla ya mababu wa mababu zetu kupewa majina yao, mji wa Ungamo ulitawaliwa na Sultani Jabiri bin Hashili, naye alipenda nasaba kuliko wafalme wengine wapendavyo farasi na lulu. Barazani kwake watu hawakukaa kwa umri wala kwa elimu, bali kwa idadi ya mababu: mwenye kutaja saba alikaa juu ya zulia, na mwenye kutaja watatu alikaa juu ya jamvi, na asiye na wa kumtaja alisimama mlangoni penye viatu.

Na mlangoni hapo ndipo aliposimama Faki mfua shaba, kijana mzuri wa sura na mwenye mali ya jasho lake, maana masinia na madele ya kahawa aliyoyafua yaliuzwa hata miji ya mbali. Faki hakumjua baba yake. Alilelewa na mama peke yake, aliyetwanga mpunga wa watu mpaka viganja vikaota sugu, na kila alipomuuliza habari za baba, mama alimjibu, "Mwanangu, ulizaliwa, ukalelewa, ukakua. Hayo mengine yana miba."

Ikatukia kwamba Faki alipeleka masinia kasrini, na Bibi Zuwena binti Sultani akamwona, naye akamwona, na mapenzi yakawashika wote wawili. Faki akajipa moyo akaenda kuposa. Wazee wa baraza wakacheka hata vilemba vikawalegea, lakini Sultani hakucheka. Akasema, "Ewe mfua shaba, mali unayo na adabu unayo. Niletee baba zako saba, majina yao na asili ya majina yao, zikitimia siku arubaini, nami nitakuoza. Ukishindwa, utakuwa umeitukana nyumba yangu, na upanga wangu hauna haya."

Faki akaenda makaburini, akawa anasoma mawe, jiwe baada ya jiwe, akitafuta jina litakaloustua moyo wake, asilipate. Siku ya thelathini, jua likiwa utosini, akaona kaburi lililoliwa na kuvu. Akaliosha kwa maji yake ya kunywa, na mara jiwe likapasuka, akatoka jini mrefu kama mnara, macho yake yakiwaka kama makaa.

"Usiogope," akasema jini. "Mimi ni Harudi, mlinzi wa majina. Tangu Adamu alipofundishwa majina, halikutamkwa jina nisilolisikia. Nani unamtafuta?"

"Baba yangu."

"Baba yako aliitwa Feruzi, na jina hilo alipewa na dalali mnadani, kwa kuwa bei yake siku ile ilikuwa pete ya jiwe la feruzi. Alikuwa mtumwa wa baba yake Sultani huyu, akafukiwa na udongo akichimba kisima cha kasri, nawe ukingali tumboni. Lakini kule bara mama yake alimwita Kalembo. Na Kalembo ni mwana wa Mtunga, na Mtunga ni mwana wa Nguli." Akawataja mpaka wakatimia saba, wafua chuma wote, waliozaliwa huru, ambao majembe yao yalilisha nchi nzima. "Hao ndio wako, na hakuna hata mmoja wa kumwonea haya."

Faki akayapima majina yale mdomoni, na masikioni akasikia kicheko cha barazani. Kisha akasema, "Ewe Harudi, waweza kuniandikia wengine?"

"Naweza," akasema jini, na sauti yake ikashuka. "Nitakupa wakuu saba wa ng'ambo, kwa wino wa dhahabu, na kila atakayewasoma atawaamini. Lakini jina halikai juu ya jina. Hawa saba wako wa kweli watatoka vinywani mwa watu wote, na jina la mama yako litatoka pamoja nao, maana mwana wa wakuu hazaliwi na mtwanga mpunga. Hutaweza kulitamka tena, wala yeye mwenyewe hataweza."

Faki akajisemea moyoni, "Mama ni mzee, jina litamfaa nini? Nitamjengea nyumba ya mawe." Akakubali.

Siku ya arubaini hati ile ya wino wa dhahabu ikasomwa, na Sultani akaibusu, na harusi ikawekwa, na ngoma zikalia siku saba. Siku ya saba akaja mlangoni mwanamke mzee. Askari wakamuuliza jina, akafungua kinywa, jina lisitoke. Akasema tu, "Mimi ni mama yake bwana harusi." Wakamburura mpaka mbele ya baraza.

Sultani akageuka. "Mkwe wangu, hati yako yasema mama yako alikuwa binti mfalme, akafia ng'ambo. Basi huyu ni nani?"

Faki akaitazama mikono ile yenye sugu, akautazama upanga. Akasema, "Maskini huyu simjui. Labda njaa imemvuruga akili. Mpeni sadaka."

Mama akamtazama kitambo. "Ni kweli, bwana wangu," akasema, "nimekufananisha. Nilikuwa na mwana, nikamwita Faki, kwa sababu siku ya uchungu wangu watu wote walinifungia milango, isipokuwa faki mmoja, mwalimu wa chuo, aliyenitandikia mkeka wake nikajifungua juu yake. Mwanangu huyo hakuvaa joho kama lako." Akaipokea sahani ya pilau kwa mikono miwili, akasema kama wasemavyo waombaji, "Mola akuzidishie," akatoka.

Kulipopambazuka Faki alikwenda nyumbani kwa mama, akakuta mlango wazi na kinu kimeinamishwa. Akatuma wapiga mbiu katika kila mtaa, nao wakarudi wakisema, "Bwana, tumtafute nani?"

Akaishi miaka mingi na Bibi Zuwena, akazaa wana, akawa waziri, akakaa juu kabisa ya zulia, na watoto wakakariri wakuu saba wa ng'ambo ambao hawakupata kuzaliwa. Alipolala akingoja mauti, binti yake mkubwa akainama akamwambia, "Baba, khatibu atakusomea talakini kaburini, na maiti huitwa kwa mama yake. Jina halisi la bibi ni lipi? Lile la kwenye hati kila tukilisoma wewe hulia." Faki akafungua kinywa. Ulimi ukatapatapa, machozi yakamwagika, jina lisije.

Basi khatibu, asipojua la kutaja, akamwita kaburini, "Ewe Faki, mtoto wa Hawa," kama waitwavyo wale waliookotwa njiani wasiojulikana walikotoka.

Yamekwisha yaliyompata Faki, na wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Feruzi aliuzwa na watu wengine. Mwanawe alijiuza mwenyewe.