Majivu Chini ya Injini

Chuma cha kuuzwa huamka kabla ya mnunuzi. Mlinisikia jana nikimwambia Ngasa, anayetaka kununua mashine ya kusaga iliyotumika, mkacheka. Mkauliza chuma kinaamkaje. Methali hii ilianza hivi, wanangu, na mkifika mwisho wake sidhani kama mtacheka tena.

Huku kwetu miomboni kulikuwa na mrina asali jina lake Mihayo. Mkewe aliitwa Kalunde, na walikuwa na mtoto mmoja tu, Sizya, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Kambi yao ya nyuki ilikuwa ndani kabisa ya msitu, mwendo wa siku nzima na nusu kwa baiskeli. Kila kiangazi walihamia huko, wakalala kwenye kibanda chao cha udongo, wakarina asali, na kwa kuwa Sizya alikuwa na kibali, wakawinda pia kanga wa kitoweo.

Mihayo alisifika kwa sikio. Warina wengine hupanda mtini na kufungua mzinga ndipo wajue kilichomo. Yeye aligonga gogo kwa kidole, akaegemeza sikio, akasema, "Huu umejaa," au, "Hawa wamehama." Hakukosea. Watu walimwita Sikio, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na babake.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, mrina mwenzao alianguka kutoka mtini. Walimfunga kwenye baiskeli kama gunia, akafia njiani. Tangu siku hiyo Kalunde akiwa kambini hakupata usingizi. Kila Sizya akipanda mti, yeye chini alisimama akimtazama mpaka ashuke. Ndiye aliyesema, "Baba Sizya, tutafute chombo. Kitu cha kumtoa mtu msituni kabla hajafa."

Wakasikia kwamba mjini kuna pikipiki ya magurudumu manne inauzwa, zile zinazopita kwenye mchanga na visiki, nyuma ina tenga la mizigo. Ilikuwa ya kambi ya wawindaji wa kigeni iliyofungwa, na muuzaji, Kashindye, aliwahi kuwa mlinzi huko. Mihayo akampigia simu kumwambia watafika Jumamosi saa mbili asubuhi. Ndiyo adabu yetu. Kwa mtu huendi bila kubisha hodi mapema.

Wakauza ng'ombe, wakaenda.

Kashindye aliwapokea kwa kicheko kikubwa. "Mwangaluka, mzee! Karibuni. Mzigo wenu huu hapa, chini ya mwembe, haujapigwa jua hata kidogo." Akabonyeza kitufe mara moja tu. Ikawaka.

Mihayo akainama, akaziba sikio moja na kutega la pili. Uso wake ukalegea kama wa mtu anayeimbiwa.

"Sizya, njoo usikie. Huu ni mzinga uliojaa. Hauna mkwaruzo, hauna kikohozi."

Kalunde hakusikiliza. Yeye alikuwa mtu wa jikoni, na pua yake ilikuwa imenusa mkaa. Akatazama chini ya pikipiki akaona majivu meupe, mapya, duara kama la kitako cha karai. Akaugusa ubavu wa injini akarudisha mkono haraka.

"Kaka yangu, mbona chuma kina moto hivi na ndiyo kwanza umekiwasha?"

"Ah, mama, si ndiyo injini? Ikiwa baridi utasema mbovu, ikiwa na moto unauliza!"

"Na majivu haya?"

"Watoto wanachoma mahindi popote. Unataka nikuuzie na mahindi?"

Wanaume wakacheka. Kalunde akamvuta mumewe kando. "Mwambie aizime. Twende tukanywe chai mpaka ipoe, kisha aiwashe tena tuone."

"Mama Sizya, unaniaibisha. Mwenzetu katupokea vizuri, tumfanye mwizi kwa sababu ya majivu?" Akashusha sauti. "Miaka thelathini nasikiliza. Leo nifundishwe kusikiliza na mtu wa jiko?"

Kalunde akanyamaza. Kunyamaza kule, wanangu, ndiko kulikomla baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Asubuhi ya safari ya kambini, pikipiki ilikataa kuwaka. Vijana wakaisukuma kwenye mteremko wa shule huku wakimtania, "Sikio, mzinga wako umehama!" Ikawaka huko chini. Mihayo akasema ni ugeni tu, itazoea. Sizya akataka wafunge baiskeli moja juu ya mizigo. Baba yake akamtazama. "Umeona wapi mtu amepanda ng'ombe akambeba na mbuzi?" Baiskeli zikabaki nyumbani.

Huko kambini hakuna mteremko. Ni mchanga na miti, na simu haishiki. Mwezi ule wa sita baridi ilikuwa kali, asubuhi unaona pumzi yako. Majirani zao wa msituni walikuwa bado hawajahamia.

Siku ya nne, jua likichomoza, Sizya aliona mzinga ulioanguka kwenye majani. Baba yake akaugonga, akasikiliza. "Mtupu," akasema. "Utoe nta iliyobaki."

Sizya akaingiza mkono. Ndani alikuwamo koboko, amejikunja akikwepa baridi.

Hata hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, nimeumwa," kama mtoto aliyejikwaa.

Kalunde alimfunga mkono kwa kanga yake, akamlaza kwenye tenga. Kutoka pale hadi hospitali, kwa chombo kile, ilikuwa mwendo wa saa tatu. Mihayo akabonyeza kitufe. Injini ikalia kidogo, ikafifia, ikanyamaza. Akavuta kamba mpaka viganja vikatoka damu. Wakasukuma wote wawili kwenye mchanga, magurudumu yakazama. Jua likapanda urefu wa mti. Kope za Sizya zikaanza kushuka zenyewe.

Hapo ndipo Kalunde alipokumbuka.

"Majivu! Baba Sizya, yule alikuwa anaipasha moto! Aliikokea moto kabla hatujafika!"

Kalunde hakumngoja mumewe. Alizoa makaa ya jiko la uji kwa karai, akayasukuma chini ya injini, akakaa hapo akiyapepea kwa ungo, jicho moja kwa makaa, jingine kwa kifua cha mwanawe. Chuma hakina haraka. Ilipita robo saa, ikapita nyingine, na nyingine. Alipogusa ubavu wa injini na kurudisha mkono haraka, akasema, "Sasa."

Ikawaka mara moja. Mlio wake ulikuwa mtamu kama siku ile ya mwembe.

Wakaondoka, Mihayo mbele, Kalunde nyuma amempakata Sizya. Kijana alijaribu kusema, ulimi ukagoma. Akawa anamtazama mama yake tu. Walivuka mto mkavu. Walipita kichuguu kikubwa, nusu ya njia. Mihayo akapaza sauti bila kugeuka, "Inakwenda vizuri sasa! Mwambie avumilie!"

Kalunde akampiga mumewe begani.

"Zima."

"Nikizima ikapoa haitawaka tena!"

"Zima, Baba Sizya. Hatuna tena tunakokimbilia."

Akazima. Msitu ukawa kimya, na yule mwenye sikio akageuka, akaegemeza sikio lake kifuani mwa mwanawe. Alisikiliza muda mrefu sana. Safari ile hakusema kama umejaa au wamehama.

Kwenye msiba watu walimlaumu nyoka. Wengine wakalaumu uchawi, wengine Mungu. Kalunde alisikia yote, kisha akasema neno moja mbele ya wanaume na wanawake, na tangu hapo hakulifafanua hata alipoulizwa. Pikipiki ile ipo mpaka leo nyuma ya nyumba yao, kuku wanataga kwenye tenga. Mihayo hajagonga mzinga tena.

Kwa hiyo mwambieni Ngasa aende kwenye hiyo mashine bila kupiga simu, alfajiri, na kabla hajatega sikio aweke kiganja. Akiona aibu, akumbuke nani alimwonea aibu nani siku ile chini ya mwembe. Na neno alilolisema Kalunde ndilo hilo mlilolicheka jana: chuma cha kuuzwa huamka kabla ya mnunuzi.