Gogo la Mto Kiruri

Sauti ni ya mmoja, mvuto ni wa wote. Mmewasikia mafundi wakiyasema maneno haya walipokuwa wakipandisha boriti, nanyi mkaniuliza yametoka wapi. Basi ketini. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, watu wa milimani walivuka Mto Kiruri kwa kukanyaga mawe. Masika yakija, mawe yalizama, na haukupita mwaka mto usichukue mtu. Mwaka mmoja ulimchukua mume wa Namsifu, mwanamke wa Kipare aliyeolewa kwa Washambaa. Namsifu alikuwa amesimama ukingoni. Alimwona mumewe akiteleza, mkungu wa ndizi ukiwa bado begani, kisha hakumwona tena.

Baada ya msiba huo watu wakasema, yatosha, tujenge daraja. Huko juu msituni ulikuwa umeanguka mvule mkubwa mno, mrefu wa kutosha kulala juu ya mto na kufika ng'ambo. Ilibidi uburutwe hadi mtoni kabla ya masika. Wakaja Washambaa, wakaja Wapare, wakapanda na Wazigua kutoka tambarare. Mzee Shemdoe, Mshambaa, akapewa kusimamia kazi.

Siku ya kwanza kila kundi liliimba wimbo wake na kuvuta kwa wakati wake. Hawa wakivuta, wale wanapumua. Gogo likayumba, kamba ikakatika, ikamvunja mtu mkono. Mzee Shemdoe akasimamisha kazi.

"Kuanzia sasa ni wimbo mmoja tu, wa kwetu," akasema. "Asiyeuimba huo asifungue kinywa."

Namsifu alitii. Nani alilitaka daraja lile kumshinda yeye? Lakini maneno ya wimbo ule hayakumkaa mdomoni, akawa anavuta kama mtu aliyeazima mikono. Wazigua nao walinyamaza, vichwa chini. Gogo likasogea kwa shida, na lilipofika kwenye matope, mto ukiwa unaonekana pale chini, likakataa kabisa. Mawingu meusi yalikuwa yamekwisha kutanda kileleni. Mzee Shemdoe aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Katika kimya kile, Namsifu akajisikia anaimba. Ulikuwa wimbo wa mama zake, wa kubebea mawe ya kusagia, mzito na wa polepole. Alipotambua, akajiziba mdomo.

"Nani huyo?" akauliza Mzee Shemdoe.

"Ni mimi, baba. Nisamehe, umenitoka tu."

"Sikukataza kwa ubaya, mwanangu. Ule mkono uliovunjika haunitoki machoni."

"Najua, baba. Lakini nyimbo hazikuvunja mkono. Ni sisi tuliovuta kila mtu kivyake. Huu wa kwetu una mahali unapotua, hapa: *hee!* Waache watu waimbe nyimbo zao. Ila nikisema *hee*, tuvute sote."

Mzee Shemdoe akayatazama mawingu, akamtazama Namsifu.

"Na mimi wangu?"

"Na wewe wako, baba."

Namsifu akaanza. Wapare wakaudaka wimbo. Wazigua wakaingia na wimbo wao wa mavuno, wa juu na mwepesi; Washambaa wakaja na wa kwao, na ndani yake ile sauti iliyokauka ya Mzee Shemdoe. Nyimbo zikapandana, zikapishana, kila moja ikajulikana ni ya nani. Kisha zote zikatua pamoja: *hee!*

Gogo likashtuka kama mnyama aliyeamshwa usingizini.

*Hee!* Mlima ukaitikia. Waliokuwepo waliapa kwamba ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zao, na kwamba kamba zilivuma zenyewe kama nyuki. Matope yakaachia. Mvule ule, ambao punde tu kabla ya hapo watu wote hawakuuweza, ukashuka mteremko ukiwafuata kwa utii. Baadhi yao walilia bila kuacha kuvuta. Namsifu alisikia sauti yake ndogo katikati ya zile zote, haikumezwa, na mikono yake haikuwa tena ya kuazima.

Mvua ilianza gogo likiwa limekwisha kulazwa juu ya mto. Mto ukafura, ukanguruma, ukapita chini. Watu walisimama wakilowa. Mzee Shemdoe akamshika Namsifu mkono ili avuke wa kwanza, akasema kwa mnong'ono, maana ndiyo sauti aliyobakiwa nayo:

"Sauti ni ya mmoja, mvuto ni wa wote."