Mlangilangi wa Mashavu

Siku hiyo, wanangu, uani walikuwepo Mashavu, mwanawe mchanga Athumani, mama mkwe wake Bi Zuwena, na zimwi. Wote walikuwa wamechoka.

"Kilio cha huyu mtoto hakiniachi nilale," zimwi likasema. "Nimekuja kumchukua."

"Analia kwa joto," Mashavu akajibu. "Ua wetu hauna kivuli."

Zimwi likatoa mche wa mlangilangi. "Utakuwa mkubwa kama mimi, na ukishakua hauhamishiki. Nionyeshe pa kuupanda. Ukikosea mara tatu, namchukua."

Mashavu akaonyesha mlangoni. Zimwi likasimama pale, likanyoosha mikono kama matawi, makuti ya paa yakaanguka. "Umekosea."

Akaonyesha kisimani. Vidole vya zimwi vikazama ardhini kama mizizi, ukuta wa kisima ukapasuka. "Umekosea."

Bi Zuwena akaliletea zimwi kata ya maji. "Kunywa, baba. Na wewe umehangaika."

Mashavu akaketi katikati ya ua, mtoto kifuani. "Hapa," akasema. "Siwezi kwenda popote tena."

Zimwi likasimama juu yao, likanyoosha mikono. Halikugusa paa wala kisima. Kivuli chake kikawafunika. Athumani akanyamaza, akalala, na mama yake akalala.

"Shusha basi mikono," Bi Zuwena akanong'ona.

"Wataamka," zimwi likajibu.

Likasimama hivyo hadi jua likazama, kisha likapanda mche palepale na kwenda zake.

Mlangilangi ule ulitoa maua ya kwanza mwaka ambao Athumani aling'oka jino.